Kamera Isiyobisha Hodi

Kariakoo, Dar es Salaam
18 Aprili 2024

Dada Tabia,

Assalaam aleykum, na Idi iliyopita iwe ya heri kwako na kwa mama. Mzigo anaokuletea Feisal kwa gari lake usiuweke juani wala usiuache kwa jirani, maana ndani mna kamera ambayo nikikutajia bei yake utaogopa kuishika.

Tulia nikueleze. Hapa dukani kwa Bwana Abdulnasir kuna vita. Tunauza kamera za kampuni tatu, kila kampuni ina wakala wake mjini, na kila wakala analitaka dirisha letu la mbele, lile linalotazama barabara. Mmoja kaleta bango. Wa pili kaleta bango kubwa zaidi. Wa tatu kaleta keki. Abdulnasir kaila keki, kisha akasema dirisha halitolewi kwa keki. Ameamua hivi: wapiga picha watatu wa pwani, kila mmoja apewe kamera ya kampuni moja kwa miezi miwili. Picha zao zitatundikwa dukani bila majina na wateja watapiga kura. Kampuni itakayoshinda inalipata dirisha mwaka mzima, na mpiga picha wake anabaki na kamera. Kuna mmoja wa Tanga, mmoja wa Kigamboni, na wa Bagamoyo nimekutaja wewe. Jicho lako nalijua tangu tulipokuwa wanafunzi wa Mzee Mbaruku kule studio.

Jina la kampuni nimelifunika kwa utepe mweusi. Usiubandue. Nataka mkono wako uamue, si sifa za mjini.

Utaona ilivyo nyepesi. Hiyo yako ya zamani ina kioo tumboni: mwanga unapita kwenye lenzi, unagonga kioo, unapanda mpaka jichoni mwako, na ukibonyeza kioo kinaruka kuupisha. Hizi mpya hazina kioo. Unachokiona kwenye kitundu cha kuchungulia ni televisheni ndogo, inakuonyesha picha kabla hujaipiga. Sony walianza kuuza hizi zenye sensa kubwa, kile kibao cha ndani kinachopokea mwanga, mwaka 2013. Wakubwa wawili, Canon na Nikon, wakaja nazo 2018. Miaka mitano, Tabia! Hilo haliniishi kichwani. Nadhani ni kama mwenye duka la mishumaa anayeona nguzo za umeme zinakuja mtaani kwake. Anajua. Lakini siku gani aache kuuza mishumaa?

Nimekuandalia kila kitu, kadi imo ndani, usiguse mipangilio. Picha uzihamishe kwa ule waya. Na maswali niandikie, kama kawaida yetu. Ujumbe wa simu ni wa kuulizana kama mtu kafika. Mambo ya kamera yanataka karatasi. Wateja wananishangaa: kiziwi anauza kamera! Sijui wanafikiri nauza redio. Tangu homa iliponifunga masikio nikiwa darasa la sita, hakuna aliyezungumza nami kwa mdomo vizuri kama wewe ulivyozungumza nami kwa kalamu, nyuma ya picha zilizoharibika za Mzee Mbaruku.

Nduguyo,
Herman Raymundi


Bagamoyo
29 Aprili 2024

Kaka Herman,

Waaleykum salaam. Mzigo ulifika. Feisal aliukalisha kiti cha mbele akaufunga mkanda, abiria wake akamhamishia nyuma.

Sasa nijibu haraka, maana silali kwa maswali. Jumamosi nilikwenda Kiwangwa kwa mama mmoja mkulima wa mananasi. Nikamlenga, na kisanduku kidogo cha kijani kikamganda jichoni. Akasogea, kikamfuata. Akainama, kikamngoja. Akapita mbuzi, kikahamia jicho la mbuzi! Nani kaiambia kamera jicho ni kitu gani? Nikailetea nanasi, ikalipuuza. Nikachukua mkaa nikalichora nanasi macho mawili na mdomo, kikaganda hapo hapo. Yule mama alicheka mpaka akakaa chini, akasema kamera yako ina akili lakini haina busara.

Mbegani niliingia kwenye chuo cha uvuvi, wanafunzi wanafanya mtihani wa kushona nyavu. Msimamizi alinipa sharti nisiwasumbue watu. Nikapiga picha arobaini, naye akaja kuniuliza, "Dada, unaanza saa ngapi?" Hilo lilinifurahisha. Lakini betri inaila kama pweza anavyokula kaa. Yangu ya zamani betri moja inamaliza harusi na shughuli ya kesho yake.

Na lenzi zangu nne hakuna inayoingia. Kwa nini? Chupa za soda za kila kampuni zinafunguliwa na kifungulio kimoja. Hawa watengenezaji wangeshindwa nini kukaa wakakubaliana mdomo mmoja wa kamera?

Ijumaa nina singo ya Rehani kule Kerege. Wewe mwanamume hujui, nikueleze kidogo: bibi harusi anasingwa, yaani anasuguliwa mwili kwa liwa, ule unga wa mti unaonukia, wanawake peke yao wanaimba na kucheza, baibui zimetundikwa, vichwa wazi. Somo wake, kungwi anayemfunda, ni Bi Biubwa. Bi Biubwa akisema mpiga picha fulani aingie, anaingia nyumba zote toka Kerege mpaka Mbegani. Akisema asiingie, haingii hata kwa shangazi yake. Riziki yangu iko ulimini mwake. Nataka nipate picha moja ya huko kwa ajili ya mashindano yenu, na nitamwomba ruhusa mwenye sura kabla haijatoka Bagamoyo. Asipokubali, hutaona hata kivuli chake.

Utepe sijaubandua. Nimeunusa tu.

Tabia


Kariakoo
2 Mei 2024

Dada Tabia,

Nanasi lenye macho limenichekesha mpaka Abdulnasir kaja kuona nina nini. Nimemwandikia kwenye kitabu changu, kasoma, naye kacheka, sasa anataka tulijaribu kwa kampuni zote tatu. Kesho ananunua nanasi.

Kamera haijui jicho ni nini. Imeonyeshwa picha za macho kwa mamilioni mpaka imezoea: doa jeusi, weupe pembeni, lingine mfano wake karibu. Wanyama nao wamo. Mwaka huu wanashindana kuongeza: ndege, magari, treni. Nanasi bado hawajaliweka.

Swali lako la mdomo wa kamera ndilo swali kubwa kuliko yote. Mdomo ndio biashara yenyewe. Kamera utaibadilisha kila baada ya miaka mitano, lenzi utazeeka nazo. Ukishanunua lenzi nne za kampuni moja umeolewa, na talaka yake ni ghali. Nani akubali mdomo mmoja kwa wote, wake zake wahame usiku mmoja? Lakini sikiliza utamu wake. Walipoondoa kioo, nafasi kati ya lenzi na sensa ikapungua, ikawabidi wachonge midomo mipya. Wakubwa wale wana vipete vya kuvalisha lenzi zao za zamani kwenye kamera zao mpya, ili watu wasitoroke, lakini watu wameanza kutazama nje. Ndoa zote za miaka thelathini zimelegea kwa wakati mmoja. Ndiyo maana wanaletewa watu keki.

Singo, basi. Nimekulia umbali wa dakika kumi kwa miguu kutoka nyumba za singo, upande wa misheni, na ninachokijua ni harufu ya liwa tu. Hata mke wangu Scola, aliyealikwa mara mbili, hanielezi. Nikimuuliza anasema, "Kula wali wako." Piga picha nzuri. Ukipewa ruhusa nitaiona, usipopewa nitakula wali wangu.

Herman


Bagamoyo
6 Mei 2024

Herman,

Alhamisi nitampa Feisal kamera yako. Itoe Bagamoyo kwenye mashindano yenu.

Kamera yako mwizi, na mimi nimekuwa mwizi pamoja nayo. Tangu Ijumaa sijatoka nje ila kwenda kisimani. Usiniulize.

Tabia


Kariakoo
8 Mei 2024

Dada Tabia,

Umeandika usiniulize, nami nimejaribu siku nzima. Sikuweza.

Imeiba nini? Picha? Kama ulipiga kisha hukuziona, kuna uwezekano waya haukukaa vizuri. Uchomoe, uzime kamera, uwashe, uchomeke tena. Kama zimetoka na mistari myeusi, hizo ni taa za ukumbini, taa nyingine hupepesa haraka kuliko jicho linavyoona na kamera hizi huzinasa. Si kosa lako, kuna namna ya kulirekebisha. Au betri ilizimika katikati, bibi harusi anavishwa, ukabaki unatazama? Nilipaswa kukupa ya pili. Au umeidondosha? Kama umeidondosha niambie tu. Abdulnasir ana hasira za dakika tano, nimeshazipima.

Au ni wale wanawake? Kuna aliyeikataa picha yake? Mbona unafuta tu, yanakwisha?

Nisamehe, nakisia kama mtu anayetafuta swichi gizani. Wewe hujawahi kuniandikia "Herman" bila "Kaka" tangu tulipogombana juu ya sinia la dawa za kusafishia picha, na siku ile kosa lilikuwa langu. Kwa hiyo nahisi hata leo ni langu. Niambie ni lipi.

Herman


Bagamoyo
14 Mei 2024

Kaka Herman,

Barua yako nimeisoma mara nne. Betri, waya, taa! Ulikuwa umelizunguka jambo lote kama kuku na banda usiku. Basi nitakuambia, maana nimechoka kulibeba peke yangu.

Kuna sheria kwenye ngoma za ndani. Haijaandikwa popote. Alinifundisha mke wa Mzee Mbaruku, naye alifundishwa na Bi Biubwa. Mpiga picha, kabla ya picha ya kwanza, anaielekeza kamera chini kwenye mkeka, anabonyeza mara moja. Inalia kwa! Hiyo ndiyo hodi. Aliyeisikia na hataki kuonekana anajitanda mtandio au anageukia ukutani. Kisha unahesabu mpaka tatu, ndipo unainua kamera. Kila ukihama pembe ya chumba, unabisha upya. Kwa sheria hiyo wanawake wa huku wanavua baibui mbele yangu. Hawanipendi zaidi ya wengine, Herman. Wananisikia nikija.

Ijumaa ile nilibisha. Wallahi nilibisha. Kamera chini, kidole, moja mbili tatu. Mkono una miaka kumi na minne katika kazi hiyo, haukungoja sikio. Vigoma vilikuwa vinarindima, vigelegele, nani angejua kamera imelia au haikulia? Nikaanza kupiga.

Sasa nakuambia ambalo hakuna mwingine anayelijua. Kama picha ya kumi hivi niliona hakuna aliyejitanda. Hata mama yake Rehani, ambaye siku zote hugeuka. Nikaelewa papo hapo kwamba hodi haikulia. Na nikaendelea. Niliendelea kwa sababu nilikuwa naona nyuso ambazo sijapata kuziona maishani, nyuso za wanawake wasiojua kwamba wanatazamwa. Miaka yote nimepiga picha za watu waliokwisha kujiandaa. Nilikuwa na tamaa, nalisema wazi. Kila nikihama pembe nilibisha mkekani, hodi yangu ya bubu, nikijidanganya kwamba sheria nimeitimiza.

Kisha nikampata Bi Biubwa. Sitakueleza alivyokuwa, maana hata maneno ni picha. Ni picha bora niliyowahi kupiga, basi. Ngoma ilipopoa nikamfuata na furaha yangu, nikamwonyesha kwenye skrini, nimuombe ruhusa iende Dar. Hakuitazama hata vizuri. Alijitanda kwanza, kana kwamba skrini ile ina macho. Akauliza, "Hii umeipiga lini?"

"Sasa hivi, bibi."

"Hukubisha."

"Nilibisha, bibi."

"Tabia, mimi naimba na kusikiliza toka hujazaliwa. Hukubisha."

Ngoma ikasimama. Nikakalishwa katikati, mbele ya bibi harusi na liwa lake mwilini, nikazifuta moja moja, mia mbili na kumi, wanawake wameniinamia wanahesabu. Kumi na saba zilikuwa za mkeka mtupu. Bi Biubwa akazitazama zile za mkeka, akasema, "Mkono wako una adabu. Wewe je?" Akasema nisikanyage ngoma yoyote mpaka ajue la kufanya na mimi. Harusi tatu zimeshanitumia salamu kwamba wamepata mtu mwingine, na huyo mtu mwingine hayupo, Herman. Hawataki tu kuniambia mlango umefungwa.

Kamera sikumpa Feisal Alhamisi; hiyo hapo, anakuletea pamoja na barua hii. Kampuni zako zimeondoa kioo wakafikiri wameondoa uzito. Wameondoa na hodi yangu.

Tabia


Kariakoo
20 Mei 2024

Dada Tabia,

Kosa ni langu, na nitalieleza lote, mpaka lile ambalo hulijui bado. Kaa chini.

Kwanza. Kamera ile inalia. Si kwa nguvu kama ya kioo, lakini ina pazia ndani linalofunga na kufunguka, na Abdulnasir ananiambia mlio wake unasikika chumba kizima. Inaweza pia kupiga bila kulichezesha pazia, kimya kabisa. Unachagua mwenyewe kwenye mipangilio, ukurasa wa tatu. Mimi ndiye niliyechagua kimya, kisha nikakuambia usiguse. Nilipoishika nilihisi pazia linanitikisa kidole, nikajisemea mtikisiko utapunguza ukali wa picha zako. Nikauzima. Mlio haukunijia kichwani kabisa. Miaka ishirini na tisa mlio kwangu ni kitu cha kuguswa, na nikigusa kitu kinachotetemeka mimi hufikiri ni kibovu. Nimevisoma vipeperushi vya kampuni zote tatu, wanagombana nani amenyamaza zaidi, nami nikawaamini kama mtoto. Hakuna aliyeuliza kuna nani upande wa pili anausikiliza huo mlio. Nina aibu, Tabia. Wewe na mimi tuliosoma kwa mtu mmoja, ndimi niliyepaswa kuuliza.

Pili, na hili ni zito zaidi. Kamera hizi zina vitundu viwili vya kadi. Mimi niliweka kadi zote mbili na kuiagiza iandike kila picha mara mbili, ili moja ikiharibika usipoteze harusi ya mtu. Wewe ulikuwa unatumia waya, hukuwa na sababu ya kufungua kile kifuniko. Leo nimekifungua nisafishe. Ulichokifuta mbele ya wale wanawake ulikifuta kwenye kadi ya kwanza. Ya pili haikuguswa. Singo yote imo.

Sikuangalia. Nakuandikia kama ilivyokuwa: kadi mkononi, kompyuta wazi mezani, Abdulnasir amekwenda kuswali adhuhuri, duka halina mtu. Nilitamani. Nimetamani kujua kilichomo nyuma ya kuta zile tangu nikiwa mtoto nanusa liwa. Niliishika kadi mpaka ikapata joto la kiganja. Kisha nikabandua utepe mweusi kwenye jina la kampuni, nikaizungushia kadi mara tatu, nikaitia kwenye bahasha hii hii unayoifungua. Jina la kampuni sasa liko wazi hapa mezani na wala sikuambii ni lipi.

Ningeweza kuivunja hapa, na usingejua kwamba ilikuwapo. Wewe nawe waweza kuivunja sasa hivi jikoni kwako, na hakuna atakayejua. Nimeirudisha kwa sababu si yangu. Na nadhani, unisamehe, si yako pia.

Abdulnasir alirudi akadai picha za Bagamoyo. Nimemwambia Bagamoyo imejitoa. Wakala wa kampuni yako amekuja juu, kaahidi hataleta tena hata soda. Dirisha litakwenda kwa Tanga au Kigamboni, nani anajua. Ile kamera ungekuwa nayo, mimi najua jicho lako, na hilo linaniuma.

Sina haki ya kuuliza kitu, lakini kichwa changu unakijua, kikishaanza hakinyamazi. Wewe usinieleze picha. Niambie kitu kimoja tu. Bibi zangu mimi wakicheka walikuwa wanaziba mdomo kwa kiganja, nilifikiri wazee wote wa pwani hufanya hivyo. Bi Biubwa katika picha ile alikuwa anacheka? Na kama alikuwa anacheka, aliziba, au aliachia? Ana meno bado? Hiyo tu. Nimekosea kuuliza, najua. Ukiona vibaya, usijibu.

Nduguyo mkosaji,
Herman


Bagamoyo
2 Juni 2024

Kaka Herman,

Kadi yako ilikaa siku tisa ndani ya kopo la chumvi. Kila asubuhi nilikuwa naamka na mkasi. Nilijiambia: ikatwe, imekwisha, kwani nani ataumia? Kisha nikiikumbuka ile "mkono wako una adabu, wewe je," naurudisha mkasi.

Jana nikaenda Kerege. Bi Biubwa nilimkuta barazani anachambua choroko. Shikamoo yangu aliipokea kwa marahaba fupi, ya kuhesabiwa. Nikakaa chini, nikaiweka kadi kwenye ungo mbele yake, nikamweleza: kadi mbili, kila kitu mara mbili, hazikufutika. Na nilipokuwa nimeanza kusema nikaona nimalize. Nikamwambia na lile la picha ya kumi. Kwamba nilijua, na nikaendelea.

Akaendelea kuchambua. Akasema, "La picha ya kumi nilikuwa nalingoja. Ningeshangaa ungekuja bila hilo." Kisha akakinyooshea kidole kile kijimzigo cha utepe mweusi. "Hii ilikuwa kwa nani siku zote hizi?"

Nikasema ilikuwa Dar, dukani, kwa mwanamume.

"Mtoto wa nani?"

"Wa marehemu mwalimu Raymundi wa misheni."

"Yule aliyefungwa masikio na homa?"

"Huyo huyo."

"Ameangalia?"

"Anasema hakuangalia, bibi."

"Anasema." Akatupa kijiwe nje ya ungo. "Na wewe ulisema umebisha."

Sikuwa na la kumpa ila barua yako. Nilikuwa nayo kwenye mkoba. Akaniambia nisome, yote, nisiruke. Nikasoma. Ukurasa wa tatu, pazia, kidole kutetemeka, akawa anatikisa kichwa. Kwenye kutamani kwako nilitaka kuruka, akaniona, akasema, "Soma." Nikasoma. Nilijua akisema wewe ni mwongo, basi mimi ni mshirika wa mwongo, na wanawake wote wa singo ile wameonekana na mwanamume kwa mkono wangu. Hakuna nyumba ingenifungulia tena, na wala nisingewalaumu.

Nikafika mwisho, kwenye bibi zako na viganja vyao, na swali lako la meno.

Bi Biubwa akauweka ungo chini. Akacheka, Herman. Akacheka mpaka choroko zikamwagika na kuku wakaja. "Huyu hakuangalia," akasema. "Angeona asingeuliza. Aliyeona haulizi!" Akarudia mara mbili, akijifuta macho.

Kisha akataka kuiona mwenyewe. Nilikuwa na kompyuta, nikamfungulia ile moja tu, za wenzake sikuzigusa. Akavaa miwani. Akaitazama sana. Akauliza, "Huyu mimi?" Nikamwambia ndiye. Akasema, "Nimekuwa Mwanahamisi," dada yake aliyefariki mwaka juzi. Mimi nikalia, sijui kwa nini, yeye hakulia. Nikamwomba nimtolee moja ndogo, ya kuweka kashani. Akasema, "Nikifa, kasha watalifungua wanaume." Akaichukua kadi, akaingia ndani, nikausikia mchi kwenye kinu. Alitwanga muda mrefu kuliko kadi ilivyohitaji.

Alipotoka aliniambia Ijumaa ya kwanza baada ya Idi kuna singo Mbegani, kwa kina Saida. Niende. Nisipewe kiti mpaka nimebisha, na yeye atakaa mlangoni asikilize. Harusi moja, halafu ataona. Wanawake wa singo ya Rehani nikawaombe radhi mmoja mmoja, nyumba kwa nyumba, na la picha ya kumi nilitaje kila mlango. Nimeshapita nyumba nne. Ya tatu sikukaribishwa ndani.

Kampuni zako na ziendelee kugombana. Tanga wakishinda wape hongera zangu.

Nilipoaga, nikiwa nimeshavuka ua, akaniita. Akaniuliza kama nitakuandikia. Nikasema nitakuandikia kesho. Akasema mtu akiuliza kwa adabu hujibiwa, na yeye hataki kubaki na swali la mtoto wa Mwalimu Raymundi shingoni. Kwa hiyo ananituma nikuambie, kwa maneno yake: meno yamebaki matatu, na siku ile hakuziba hata moja.

Nduguyo,
Tabia